Meza ya pembeni huanzia mkononi: jinsi ya kuipima, kuichagua na kuipanga

Meza ya pembeni ni fenicha ndogo kuliko karibu zote za sebuleni, na ndiyo inayoguswa mara nyingi zaidi. Kikombe, simu, miwani, rimoti, kitabu kilicholazwa kifudifudi: vyote huishia hapo. Kwa hiyo kasoro yake ya sentimita 5 utaisikia kila siku, wakati kabati lililozidi kwa sentimita 20 umeshalizoea wiki ya pili. Tatizo ni kwamba kwa sababu ya udogo wake, hununuliwa mwishoni na kwa macho tu. Hapa tutaanza na mkono wa mtu aliyeketi, twende kwenye sakafu, kisha kwenye miguu na mbao. Taa na mapambo yatasubiri zamu yake.

Hatua ya 1: Pima ukiwa umeketi

Utahitaji futi ya kupimia, karatasi, kalamu, utepe wa karatasi unaonata na maboksi mawili matatu. Ukiwa na mtu wa kukusaidia, bora zaidi.

Kimo ndicho kipimo cha kwanza. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya mkono wa kochi. Kwa makochi mengi utapata kati ya sentimita 55 na 65. Uso wa meza uwe sawa na hapo, au chini yake kwa sentimita 2 hadi 5. Ukizidi juu kwa zaidi ya sentimita 2 au 3, kiwiko kinachoteleza kutoka kwenye mkono wa kochi kitagonga ukingo wa meza, na glasi unaichukua kwa kuinua bega. Ukishuka chini kwa zaidi ya sentimita 8 hivi, mkono hauoni tena unachokigusa. Unapapasa, na kinachopapaswa huanguka.

Kochi au kiti kisicho na mikono kinapimwa kwa mwili. Keti kama unavyoketi kweli, siyo kama unayepigwa picha. Kunja kiwiko, mtu apime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha punguza sentimita 5. Mara nyingi jibu huangukia kati ya sentimita 52 na 60. Kumbuka kukaa kwanza kabla ya kupima, maana mto laini wa kochi hubonyea chini ya uzito na kiwiko hushuka nao.

Kando ya kitanda sheria hugeuka kidogo. Pima hadi juu ya godoro likiwa limetandikwa, na meza iwe sawa na godoro au ipande hadi sentimita 5 juu yake. Aliyelala hunyoosha mkono ubavuni bila kuangalia, tena gizani. Meza iliyo chini ya godoro humlazimisha aning'inize mkono. Iliyopanda sana hukutana na vidole ubavuni, na glasi ya maji inakwenda.

Kipimo cha pili ni kina, yaani kutoka mbele kwenda nyuma. Meza isizidi kina cha kochi. Kochi la sentimita 90 linavumilia meza ya hadi sentimita 60, lakini 40 hadi 50 inatosha watu wengi. Meza inayochomoza mbele ya kochi ndiyo inayogonga magoti ya wapitao.

Cha tatu ni ufikaji. Egemea kabisa, nyoosha mkono kuelekea pembeni, na ona kiganja kinaishia wapi. Katikati ya meza pawe hapo bila mgongo kuacha kiegemeo. Mikono ya kochi yenye upana wa sentimita 25 au zaidi huisogeza meza mbali, kwa hiyo kochi la namna hiyo linataka meza nyembamba ya sentimita 35 hadi 45, wala si pana. Wengi hufanya kinyume kwa kudhani kochi kubwa linadai meza kubwa.

Cha nne ni njia. Kati ya meza na kitu kinachofuata, iwe ukuta, mlango au kiti kingine, acha sentimita 75 hadi 90 kama watu hupita hapo mara kwa mara. Sentimita 60 ni kwa mtu mmoja anayepita bila kubeba kitu. Fungua pia milango na madroo yote yaliyo karibu kabla hujaandika namba.

Cha tano, soketi ya umeme iko wapi, na waya wa taa utapita njia gani. Swali hili likiachwa hadi meza imefika, jibu lake huwa waya uliotandazwa sakafuni.

Hatua ya 2: Igize meza kabla ya kuinunua

Bandika utepe sakafuni kwa umbo la meza unayoifikiria. Panga maboksi juu yake hadi kimo ulichopima, na juu yake weka kipande cha kadibodi kilichokatwa kwa ukubwa wa uso wa meza. Kiache hapo siku mbili. Pita usiku taa zikiwa zimezimwa, fagia, fungua pazia. Wanafamilia wakianza kukizunguka kwa mbali au kukipiga teke, punguza sentimita 5 kila upande ujaribu tena. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini hakuna picha ya duka inayoweza kukuambia haya.

Kadibodi hiyo hiyo ina kazi ya pili. Weka juu yake vitu utakavyoviweka kweli. Kisahani cha kikombe huchukua takriban sentimita 15, simu iliyolazwa karibu 16 kwa 8, na kitako cha taa ya mezani kati ya 12 na 18. Ukiviweka vyote vitatu kwenye uso wa sentimita 30 kwa 30 utaona hakuna pa kuweka hata miwani. Kwa meza yenye taa, kipenyo cha sentimita 40 ndicho cha chini tunachoweza kukishauri. Isiyo na taa inaweza kuishi na 30.

Hatua ya 3: Chagua umbo

Meza ya duara inafaa mahali pa kupitia na nyumba yenye watoto wanaojifunza kutembea, kwa kuwa haina kona ya kukutana na paji la uso. Ya mraba hukaa vizuri kwenye kona ambako makochi mawili yanakutana kwa pembe. Hapo hutumikia watu wawili, kwa hiyo iwe na sentimita 55 hadi 70 kila upande. Ya mstatili, yenye upana wa sentimita 25 hadi 30, huokoa nafasi iliyobana kati ya kochi na ukuta.

Ziko pia meza za kuingiana, mbili au tatu za vimo tofauti zinazojificha moja chini ya nyingine. Ni nzuri kwa nyumba inayopata wageni kwa vipindi. Angalia tu kwamba ile ndogo haiko chini mno. Nyingi hushuka hadi sentimita 40, na hapo inafaa kuwa kiti cha miguu kuliko meza.

Meza yenye umbo la herufi C, ambayo mguu wake huingia chini ya kochi na uso wake ukaja juu ya mapaja, ni msaada mkubwa kwa kochi la L lisilo na mkono upande mmoja. Ina masharti matatu. Pima upenyo ulio chini ya kochi: mguu wenye unene wa sentimita 3 unahitaji sentimita 4 au zaidi, maana kochi hushuka kidogo mtu akikaa. Mguu wa chini uwe na urefu unaokaribia ule wa uso wa juu, la sivyo mzigo ukiwekwa ukingoni meza inainama mbele. Na usiitumie kwa kuandika kwa mkono. Nguzo ya upande mmoja hupepesuka hata ikiwa ya chuma.

Hatua ya 4: Jaribu uthabiti

Hapa ndipo meza nzuri kwa sura huanguka mtihani, kwa maana zote mbili.

Chukua meza ya duara yenye kipenyo cha sentimita 50, na miguu inayofika hadi kwenye ukingo. Ikiwa na miguu 3, mstari unaounganisha miguu miwili hupita sentimita 12.5 tu kutoka katikati ya meza, na sentimita nyingine 12.5 za uso zinaning'inia nje ya mstari huo. Ikiwa na miguu 4, sehemu inayoning'inia ni kama sentimita 7. Maana yake kwa vitendo: meza ya kilo 4 yenye miguu 3 huanza kupinduka ukibonyeza ukingo, katikati ya miguu miwili, kwa nguvu ya kilo 4. Ile ya miguu 4 yenye uzito huohuo hustahimili hadi kilo 9 na nusu hivi. Sasa fikiria mgeni mzee anayeishika meza ili ajisukume kuinuka. Hakuna kati ya hizo mbili itakayombeba, lakini ya kwanza itamwangusha kabla hajamaliza kujisogeza.

Faida ya miguu 3 ni nyingine kabisa: haitikisiki kwenye sakafu yenye mabonde, kwa kuwa nukta tatu daima hugusa chini zote. Kwenye sakafu mbovu ya kibaraza inaweza kuwa chaguo la busara, ilimradi isiwe kando ya mtu anayehitaji kushikilia kitu.

Meza ya nguzo moja ihukumiwe kwa kitako chake. Kitako chenye kipenyo cha theluthi mbili za uso wa juu kinaruhusu ubonyeze ukingo kwa nguvu ya karibu mara mbili ya uzito wa meza kabla haijapinduka. Kikiwa nusu ya uso, kinaruhusu nguvu sawa na uzito wake tu. Kwa hiyo kitako kikiwa kidogo, meza lazima iwe nzito. Nyepesi yenye kitako kidogo iache dukani.

Majaribio ya kufanya ukiwa mbele ya meza yenyewe ni haya. Bonyeza kila ukingo kwa kiganja. Shika kona ya juu usukume kwa upande, kisha kwa mshazari. Ikirudi mahali pake kimya ni sawa, ikilia au ikibaki imeinama, viungo vimelegea. Igeuze uangalie chini. Miguu iliyofungwa moja kwa moja kwenye ubao wa juu kwa skrubu mbili fupi itaanza kulegea mapema. Iliyoungwa kwenye fremu ya mbao chini ya uso, au iliyo na bamba la chuma lenye skrubu nne, hudumu. Kama kuna droo, livute hadi robo tatu. Likizama kichwa chini au likikwama upande mmoja, halitatengemaa nyumbani.

Hatua ya 5: Nyenzo, kwa jinsi zinavyoharibika

Kila nyenzo ni nzuri siku ya kwanza. Swali la maana ni itaharibika vipi, na wewe ni mtu wa kuivumilia kasoro ipi.

Mbao nzima huvimba na kusinyaa kwa upana wake kufuatana na unyevu wa hewa, milimita kadhaa kwa mwaka kwenye uso wa sentimita 45. Haibadiliki hivyo kwa urefu. Ndiyo sababu fundi mzuri hafungi uso wa juu kwa gundi kwenye fremu. Hutumia skrubu zilizopitishwa kwenye matundu marefu au vibanio vinavyoteleza, ili ubao upumue. Uso uliogandishwa pande zote utapasuka, na mwenye nyumba atalaumu mbao. Utaijua mbao nzima kwa kutazama ukingo: mistari ya juu inaendelea kushuka kwenye ukingo. Ikikatika ghafla, basi ni ganda jembamba la mbao lililobandikwa juu ya plaiwudi au MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Hilo si aibu. Plaiwudi yenye ganda zuri hubaki tambarare kuliko ubao mzima wa bei rahisi. Tofauti ni kwamba mbao nzima unaweza kuipiga msasa mara nyingi, ganda pengine mara moja, kwa mkono mwepesi.

MDF na chipubodi adui yao ni maji yanayoingia ukingoni. Zikishavimba hazirudi. Angalia kingo zote, pamoja na za chini na matundu ya nyuma, kama zimezibwa. Jingine: skrubu ikifunguliwa na kufungwa mara tatu nne kwenye chipubodi, tundu lake hulegea. Kama unahama mara kwa mara, tafuta zile zenye nati za chuma zilizopachikwa ndani.

Marumaru ni nzuri na ni nzito. Uso wa duara wa sentimita 50 wenye unene wa sentimita 2 una takriban kilo 10 na nusu peke yake, kwa hiyo miguu iwe ya kuustahili. Adui wake ni asidi. Ndimu, siki, juisi na soda humega uso kwa sababu marumaru ni kalisi kaboneti, na alama inayobaki si doa la kufuta bali ni sehemu iliyolika na kupoteza mng'ao. Matale, ambayo wengi huita graniti, haina udhaifu huo.

Kioo kiwe kile kilichokazwa kwa moto, ambacho kikivunjika hutawanyika kuwa punje ndogo badala ya vipande virefu vyenye makali. Kwa kawaida huwa na chapa ndogo iliyochorwa kwenye kona. Kwa uso unaobebwa na fremu, milimita 8 hadi 10 ni unene wa kuridhisha. Hesabu vile vifundo vya mpira kati ya kioo na fremu. Kikikosekana kimoja, kioo kinagusa chuma, na kugongana huko ndiko huanzisha ufa. Kioo hakichukui nafasi kwa macho, hivyo kinafaa chumba kidogo, lakini kinadai kufutwa kila siku. Kama hupendi kitambaa cha vumbi, usijidanganye.

Chuma chenye rangi ya unga iliyookwa hakina makuu, ila kagua maungio: penye mkwaruzo hadi kwenye chuma ndipo kutu huanzia. Mianzi na henzirani ni nyepesi kubeba, ila uso uliosukwa haushiki glasi wima mpaka uwekewe trei au kioo juu.

Ukiagiza kwa fundi seremala

Usimpelekee picha tu. Mwandikie kimo cha meza kikiwa pamoja na unene wa uso, kwa sababu hapo ndipo sentimita 2 au 3 huzidi bila mtu kukusudia. Maelezo yanayotosha kwa meza ya kawaida ni kama haya: kimo 58, uso 45 kwa 45 wenye unene wa sentimita 2 hadi 2.5, uso uchomoze nje ya fremu kwa sentimita 2, miguu ya sentimita 4 kwa 4, fremu ya chini ya uso yenye upana wa sentimita 6 hadi 8, kona zilainishwe. Muombe mbao iliyokauka. Kwa samani za ndani, unyevu wa asilimia 12 au chini yake ndio unaotafutwa, na baadhi ya mafundi wana kifaa cha kuupima. Mwambie pia apake vanishi chini ya uso kama anavyopaka juu. Ubao uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande mwingine na kujikunja kama ulimi.

Hatua ya 6: Iweke mahali pake

Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kati ya meza na mkono wa kochi, kitambaa kisisuguliwe na vidole vipite bila kubanwa. Kisha usiisukume meza hadi ukutani. Kiwiko cha mtu aliyeegemea huwa karibu na katikati ya kina cha kochi, wakati mwingine mbele yake, na katikati ya meza pafuate hapo. Nyuma itabaki nafasi ya sentimita 10 au 20. Ndiyo njia ya waya na plagi.

Ikitikisika kwenye sakafu, usikimbilie msumeno. Kukata mguu mmoja ili ulingane na mwingine huzaa meza inayofupika kila Jumamosi. Izungushe kwanza kwa robo robo. Mara nyingi upande mmoja hukaa sawa. Ikikataa, pitisha kadi nyembamba chini ya kila mguu kutafuta usiogusa, kisha ubandike chini yake kipande cha kitambaa kizito kinachonata au uteremshe kiguu chake cha skrubu kama kipo. Miguu yote iwe na vitambaa hivyo hata kama haitikisiki, kwa ajili ya sakafu. Kwenye zulia nene hakikisha miguu yote iko juu ya zulia au yote nje. Mbili ndani na mbili nje ni mteremko, hata kama hauonekani kwa macho.

Pande mbili za kochi hazilazimiki kuwa na meza pacha. Zikitofautiana, zisipishane kimo kwa zaidi ya sentimita 3 hadi 5, na ziwe na kitu kimoja cha kuziunganisha: rangi ya mbao, chuma cha namna moja, au umbo. Kimoja kinatosha. Zikifanana kwa vitu viwili na kupishana kidogo kwenye cha tatu, jicho huona kosa la mnunuzi badala ya chaguo.

Hatua ya 7: Taa kwanza, mapambo baadaye

Keti, mtu apime kutoka sakafuni hadi kwenye jicho lako. Ukingo wa chini wa kofia ya taa uwe kwenye kimo hicho au chini yake kidogo. Ukiwa juu, balbu hukuchoma macho. Ukiwa chini sana, mwanga huishia mezani na kitabu kilicho mapajani hubaki gizani. Mfano: jicho liko sentimita 108, meza ina 58, kwa hiyo ukingo wa kofia uwe takriban sentimita 50 juu ya meza. Kofia yenyewe ikiwa na kimo cha 22, taa nzima itakuwa karibu 72. Meza fupi inadai taa ndefu, na ndefu inadai taa fupi. Kununua taa bila kujua kimo cha meza ni kubahatisha.

Upana wa kofia ubaki ndani ya kingo za meza kwa sentimita 3 hadi 5 kila upande. Inayochomoza nje itapigwa bega na kila apitaye. Balbu ya LED yenye lumeni 450 hadi 800 (kipimo cha wingi wa mwanga) inatosha, na mwanga wa kelvini 2700 hadi 3000 (kipimo cha rangi yake, hapa ya manjano) ndio unaotuliza jioni. Waya ushikishwe kwenye mguu wa nyuma kwa vibanio viwili, mmoja juu na mwingine chini. Usiupitishe chini ya zulia: nyayo husugua ganda lake na joto halina pa kutokea.

Taa ikishakaa, tenga nafasi tupu kabla ya kuweka pambo lolote. Duara la sentimita 20, upande ulio karibu na kochi, halipewi kitu. Ni la kikombe. Meza nyingi zilizopambwa vizuri hushindwa hapa tu. Mgeni huletewa chai akaishika mkononi dakika kumi kwa kuogopa kuvunja chungu cha maua.

Kilichobaki ndicho cha kupambia, na si kikubwa. Weka kirefu nyuma, cha wastani ubavuni pake, kifupi mbele. Taa ikiwa ndiyo kirefu, cha wastani kinaweza kuwa mmea mdogo au vitabu viwili vitatu vilivyolazwa, kikubwa chini. Kifupi kiwe bakuli au trei ya sentimita 20 hadi 25 ya kukusanyia rimoti na miwani. Trei ina hila yake: vitu vitano vilivyotawanyika ni fujo, vitano hivyo hivyo ndani ya trei huonekana kuwa kitu kimoja. Kuna wanaoshikilia kwamba vitu lazima viwe vitatu au vitano, kamwe visiwe shufwa. Hatuoni sababu ya kuifanya imani. Taa na bakuli peke yake hupendeza kabisa kwenye meza ya sentimita 40.

Chungu cha udongo kisichong'arishwa hupitisha unyevu, na kisahani chake cha udongo vilevile. Chini yake weka kisahani cha plastiki au kauri iliyong'arishwa, na uinue mmea mara moja kwa wiki uguse kama pamelowa. Kitambaa cha meza kinachoning'inia kiache kama kuna mtoto anayetambaa. Atakishika ili ajiinue, na vyote vya juu vitamfuata.

Rangi haihitaji hotuba. Kochi la rangi iliyokoza linapokea meza ya rangi nyepesi na kinyume chake. Ikiwa mbao nyingine chumbani ni za wekundu, epuka meza ya mbao ya kijivu. Inatosha.

Vinavyoharibika na jinsi ya kuvirekebisha

Alama nyeupe ya duara kwenye mbao iliyopakwa vanishi au lakeri ni unyevu ulionaswa ndani ya rangi, haujafika kwenye mbao. Subiri siku moja, wakati mwingine huondoka yenyewe. Ikibaki, paka mafuta mazito ya mgando, yaache usiku kucha, ufute asubuhi. Bado ipo? Tandika kitambaa kikavu cha pamba, pasi isiyo na mvuke kwenye joto la chini kabisa, gusa kwa sekunde 3 hadi 5, inua, tazama, rudia. Ukiiacha pasi ikae, rangi itayeyuka na kunata kwenye kitambaa, na hapo umepata kazi kubwa kuliko ya mwanzo.

Alama nyeusi ni habari nyingine. Maji yamevuka rangi yakaingia kwenye mbao, mara nyingi yakiwa na chembe za chuma kutoka kwenye kopo au kitako cha chombo. Hiyo haitoki kwa kufuta. Itabidi kupiga msasa hadi kwenye mbao na kupaka upya uso mzima, maana kiraka cha vanishi huonekana daima.

Skrubu inayozunguka bila kushika kwenye mbao au chipubodi hurekebishwa kwa vijiti vya kiberiti visivyo na baruti. Vipake gundi ya mbao, vijaze kwenye tundu hadi vibane, katilia vilipochomoza, subiri saa 24, kisha funga skrubu ileile polepole kwa bisibisi ya mkono. Mashine itakurudisha ulikotoka. Miguu ya skrubu kaza mara moja kila baada ya miezi mitatu minne, zamu ya kwanza ikiwa wiki mbili baada ya kuiunga meza, kwa sababu viungo vipya hukaa sawa baada ya kutumika kidogo na hapo ndipo hulegea zaidi.